Theluthi ya Nyumbani

Bwana Kola hakuwa na chumvi. Hakuwa na mkaa, wala mafuta ya taa, wala sabuni. Hakuwa na soli katika kiatu cha kushoto. Alikuwa ameweka kipande cha boksi ndani, na siku za mvua boksi liligeuka uji. Hakuwa na kitanda cha watoto, maana kiliuzwa mwezi uliopita. Hakuwa na redio. Hakuwa na rafiki wa kumkopa, kwa sababu wote alikuwa amekwisha kuwakopa. Na siku hiyo, ambayo ilikuwa siku ya mshahara, hakuwa na mshahara.

Kazi alikuwa nayo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa dobi katika hospitali kubwa ya mji. Chumba cha madobi kilikuwa nyuma ya wodi, karibu na boila, mtambo wa mvuke. Shuka ziliingia kwa mlango mmoja zikiwa na damu na dawa, zikatoka kwa mlango wa pili zikiwa nyeupe. Yeye alisimama kwenye pasi kubwa ya mvuke. Alitandaza shuka, akashusha kifuniko, akahesabu mpaka nane, akainua. Shuka mia tatu kwa siku. Shati lake mwenyewe alilipiga pasi mwisho, kwa wanga, mpaka kola ikasimama wima. Ndiyo sababu wenzake walimpa jina hilo, na yeye alilipenda.

Saa tisa alasiri wafanyakazi walipanga foleni kwenye dirisha la mishahara. Karani aliwapa kila mmoja bahasha na hati yake. Bwana Kola alipewa hati tu.

"Bwana Kola, leo utatununulia soda?" aliuliza fundi wa boila, mtu mnene mwenye maneno mengi.

"Leo nina haraka."

"Kila mwisho wa mwezi una haraka! Hizo hela unakwenda kuzizika wapi?"

Watu wakacheka. Bwana Kola naye akacheka. Aliikunja hati mara nne na kuitia mfukoni. Hati ilisema: mshahara, laki tatu; makato, laki tatu; kilichobaki, sifuri. Ilikuwa hati ya tatu ya namna hiyo.

Deni lilianza kwa nia njema. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mshonaji hodari. Shule moja ya mtaani ilimwahidi kazi ya sare, sketi mia mbili za bluu. Bwana Kola akaenda kwenye kampuni ya mikopo, akakopa kwa jina lake, wakanunua cherehani mbili na majora ya kitambaa. Mama Pacha alikuwa amekwisha kushona sketi mia na themanini shule ilipopata mwalimu mkuu mpya. Mwalimu mkuu mpya hakupenda bluu. Alipenda kijani.

Sketi ziliuzwa kwa bei ya matambara. Cherehani zikafuata. Likabaki deni la laki thelathini. Kampuni ikaenda mahakamani, na mahakama ikatoa amri kwamba Bwana Kola akatwe mshahara kila mwezi mpaka deni liishe.

Siku amri ilipofika hospitalini, karani wa mishahara alimwita dirishani. Watu walikuwa kwenye foleni, wanasikia.

"Unadaiwa, Bwana Kola," karani alisema bila kushusha sauti. "Tukukate kiasi gani kwa mwezi?"

Nyuma yake mtu alikohoa. Mwingine akacheka kidogo. Bwana Kola aliona shingo inamwaka moto.

"Kateni yote," alisema.

"Yote? Laki tatu nzima?"

"Mimi si mtu wa kudaiwa. Kateni yote mpaka liishe. Lete nisaini."

Karani alimpa fomu. Akasaini kwa mwandiko mzuri, akaondoka ametanua kifua. Alipiga hesabu njiani: miezi kumi, basi, atakuwa mtu huru. Nyumbani watakula kwa pasi, kwani atawapigia majirani nguo zao. Hakukumbuka kwamba majirani nao walikuwa na pasi.

Nyumbani hakusema alivyosema dirishani. "Mahakama imeamuru wakate yote," alimwambia mkewe. Na mkewe akaamini, kwa sababu mumewe hakuwa na desturi ya kusema uongo.

Sasa, siku hiyo ya hati ya tatu, alimkuta Mama Pacha anakunja nguo juu ya mkeka. Pacha wao wawili, wasichana wa miaka tisa, walikuwa wanamsaidia. Waliitwa Mkubwa na Mdogo. Mkubwa alimzidi Mdogo kwa dakika ishirini, na hakumruhusu azisahau.

"Baba Pacha, kaa," mkewe alisema.

Kiti hakikuwapo. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nimepata kazi," mkewe alisema.

"Kazi! Mbona basi uso umekunjamana?"

"Ni kazi ya kupika. Shule ya bweni, safari ya siku nzima kutoka hapa. Wanatoa chakula na chumba."

"Tuhame wote?"

"Chumba ni cha mtu mmoja. Nimebembeleza mpaka sauti imekauka. Wamekubali nije na mtoto mmoja. Mmoja tu."

Mkubwa aliruka. "Basi ni mimi, maana mimi ndiye mkubwa!"

"Mkubwa wa dakika ishirini!" Mdogo akamzomea. "Mama, huyu atakula chakula cha wanafunzi wote. Nichukue mimi!"

Walicheka, wakasukumana. Kisha wakaacha. Kila mmoja alimtazama mwenzake.

"Atakwenda Mdogo," mama yao alisema polepole. "Kifua chake kinamsumbua, na kule kuna zahanati ya shule."

"Tuvumilie kidogo tu," Bwana Kola alisema. "Miezi saba imebaki."

"Tule nini miezi saba, Baba Pacha? Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi miwili. Kitanda tumeuza. Tuuze nini tena, mlango? Laiti mahakama ingetuachia hata kidogo, nisingekwenda. Mimi nitafanya nini na mahakama?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake aliinama, akaanza kumsaidia kukunja nguo.

Waliondoka siku ya Jumatatu. Kituoni Mdogo alilia mpaka akakohoa. Mkubwa hakulia. Basi lilipogeuka na kupotea, alimshika baba yake mkono.

"Baba, mahakama haikujua kwamba sisi tuko wawili?"

Walirudi nyumbani kwa miguu.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama mtu aliyelala. Alitandaza shuka, akashusha, akahesabu mpaka nane, na mara mbili alisahau kuinua, shuka ikaungua. Alitazama mvuke ukipanda darini na kupotea, akatamani naye apotee hivyo hivyo. Jioni alipika uji mwepesi wa mtu mmoja, akamwambia mtoto kwamba yeye amekula kazini. Mkubwa alikuwa na mazungumzo mengi zamani. Sasa alijibu kwa kichwa tu. Usiku alilala akiwa amejibana ukutani, akiacha nafasi ya mtu wa pili kwenye mkeka.

Jumapili moja asubuhi mtu alibisha.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuletea gauni. Nimealikwa mahali, na sitaki nionekane nimetafunwa na ng'ombe."

Alikuwa jirani wa chumba cha mwisho uani, bibi mmoja mkavu, mrefu, aliyeitwa Mama Mihuri. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Hata risiti ya muuza dawa aliigeuza nyuma na mbele akitafuta muhuri.

"Mama, unisamehe. Pasi yangu haina mkaa."

"Dobi hana mkaa? Makubwa haya!" Aliingia bila kungoja, akatazama chumba kitupu, na mzaha ukamwisha. Alikuwa na mkate mkononi. Akampa Mkubwa.

Mtoto aliukata katikati. Nusu aliila haraka haraka. Nusu ya pili aliifunika kwa bakuli.

"Hiyo ya nani?" Mama Mihuri aliuliza.

"Ya Mdogo."

"Si yuko mbali?"

"Najua," Mkubwa alisema. "Mkono umezoea."

Mama Mihuri alimtazama baba mtu. "Wewe si una kazi?"

"Nina deni, mama. Mahakama imeamuru wakate mshahara wote."

"Mahakama gani hiyo? Niambie niijue. Nimekaa masjala ya mahakama miaka thelathini na moja. Nimegonga mihuri mpaka kiwiko kimeota sugu. Sijaona amri ya kumwachia mtu sifuri. Ilete hapa."

Bwana Kola aliitoa amri chini ya mkeka. Bibi akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasoma akifuata kwa kidole.

"Inasema: akatwe kila mwezi kwa kiwango kinachoruhusiwa na sheria. Sasa neno 'yote' liko wapi? Nionyeshe."

Bwana Kola alimtazama Mkubwa. Kisha alimwambia mtoto, "Mwanangu, nenda kanichotee maji." Mkubwa alipotoka, alieleza kila kitu: foleni, kicheko, fomu, saini. Alieleza akitazama sakafu.

Mama Mihuri hakumpa pole.

"Kwa hiyo ulijikata mwenyewe," alisema, "halafu ukamsingizia hakimu."

"Nilitaka kulipa, mama! Kulipa deni ni kosa?"

"Kulipa si kosa. Sikiliza vizuri. Mtu akidaiwa, anaweza kukatwa mshahara. Hiyo ni haki ya anayemdai. Lakini sheria imeweka ukomo. Ukijumlisha makato yote, ya kampuni hii na ya kampuni ile, ni lazima mfanyakazi abaki na sehemu yake. Nchi nyingine ni nusu, nyingine ni robo, na kila mtu aulize kwao. Kwetu ni theluthi. Mshahara wako laki tatu. Gawa kwa tatu."

"Laki moja."

"Laki moja haiguswi. Haiguswi na kampuni, haiguswi na karani, na wewe mwenyewe huwezi kuisaini ikaenda."

"Lakini ni mshahara wangu."

"Ndipo ulipokosea. Ulidhani ni wako peke yako. Ile theluthi haikuwekwa kwa ajili yako, Baba Pacha. Imewekwa ili mtoto ale na mwenye nyumba apate kodi. Wewe umejifanya bwana mkubwa kwa kutoa mkate usio wako."

Bwana Kola alifunika uso kwa mikono. Mwishowe alisema, "Nikienda kudai theluthi, watasema nakimbia deni."

"Waseme. Deni halifutwi hata senti. Utalipa laki mbili kwa mwezi badala ya tatu. Umebakiwa na kiasi gani?"

"Laki ishirini na moja."

"Basi ni miezi kumi na moja badala ya saba. Kuna aibu gani hapo? Chukua kalamu. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wa hakimu yeyote niliyemfanyia kazi."

Waliandika barua fupi kwa hospitali. Ilitaja amri ya mahakama, mshahara, makato, na sheria ya theluthi. Ilisema kwamba fomu aliyosaini haiwezi kuvuka sheria. Aliiandika mara mbili.

"Nakala ya pili ni ya kazi gani?" aliuliza.

"Hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Bila muhuri, watakuambia hukuandika kitu. Wakikataa, usigombane. Nenda ofisi ya kazi na hati zako zote tatu. Hulipi chochote pale."

Kesho yake alasiri, Bwana Kola alisimama tena dirishani. Foleni ilikuwa ndefu. Karani alisoma barua, akacheka puani.

"Saini hii si yako?"

"Ni yangu."

"Si ulisema tukate yote, wewe si mtu wa kudaiwa?"

Foleni ilikuwa inasikiliza. Shingo ilimwaka moto kama siku ile. Alitamani sakafu impasukie.

"Nilisema," alijibu. "Nilisema upuuzi. Nadaiwa laki ishirini na moja, na nitalipa. Lakini nyumba yangu imevunjika, na sheria inasema mniachie theluthi. Naomba ugonge muhuri kwenye nakala."

"Sigongi. Nina kazi."

Hakugombana. Alichukua nakala yake, akatoka. Kwenye ukumbi alisikia nyayo nzito nyuma yake. Alikuwa fundi wa boila. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Bwana Kola," alinong'ona. "Hiyo theluthi unayosema. Mimi nina mikopo miwili. Wananiachia elfu ishirini. Soda ninazowadai ninyi ndicho chakula changu cha mchana."

Walitazamana. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa.

"Lete hati zako," Bwana Kola alisema. "Twende wote."

Afisa wa kazi alikuwa kijana mwenye mafua na meza iliyojaa mafaili. Alisoma polepole, akapiga hesabu, akapiga tena. Aliandika barua mbili kwa hospitali, akagonga muhuri.

"Fomu yako ilikuwa batili tangu siku uliyosaini," alimwambia Bwana Kola. "Karani alipaswa kukukatalia."

"Na miezi mitatu iliyopita? Mtoto wangu mmoja ameondoka kwa ajili ya miezi hiyo."

"Fedha zile zimekwisha kupunguza deni. Unaweza kuzidai, lakini itakuwa safari ndefu, na siwezi kukuahidi kitu. Ungekuja mwezi wa kwanza, tungezuia yote hayo."

Bwana Kola aliitikia kwa kichwa. Neno hilo, mwezi wa kwanza, lilimfuata mpaka nyumbani.

Mwisho wa mwezi alipewa bahasha. Ndani mlikuwa na laki moja. Fundi wa boila alipata yake pia, akaenda kuificha bafuni ili aihesabu bila kuonekana. Bwana Kola hakusherehekea. Laki moja ni kitu kidogo. Alimpa mwenye nyumba nusu ya deni la kodi, wakaandikiana kwamba nyingine italipwa kidogo kidogo. Alinunua mkaa, unga, chumvi na sabuni. Zilizobaki aliziweka juu ya mkeka, akazitazama. Zilitosha nauli ya watu wawili, na baada ya hapo hakuna kitu.

Angeweza kuandika kwamba sheria imebadilika. Mama Pacha angefurahi, na asingeuliza zaidi. Alikaa na wazo hilo tangu alasiri mpaka jua likaanza kushuka. Kisha akavuta karatasi.

"Unamwandikia mama?" Mkubwa aliuliza.

"Ndiyo."

"Mwambie nimeacha kukojoa kitandani."

"Hujawahi kukojoa kitandani wewe."

"Mdogo ndiye. Mwambie kwamba siri yake siisemi kwa watu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema mwezi ule. Baba yake aliandika kwanza hayo. Halafu akaandika yake:

"Mama Pacha, mwezi huu nimepewa laki moja, na nitapewa laki moja kila mwezi mpaka deni liishe. Ni miezi kumi na moja, pamoja na huu. Haitatutosha vizuri, lakini chungu hakitakaa kitupu. Nauli yenu imo humu ndani.

Kabla hujaamua kurudi, ujue jambo hili. Mahakama haikuamuru wakate yote. Sheria ilituwekea theluthi tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyesema wakate yote, kwa sababu watu walikuwa wananitazama na niliona aibu. Nikarudi nyumbani nikakudanganya. Ulilazimika kuchagua mtoto mmoja kwa ajili ya majivuno yangu. Mkubwa bado anadhani ni mahakama. Leo nitamwambia. Ukiona huwezi kurudi kwangu, fedha hizi ni zenu, mzitumie, na theluthi nitaileta huko kila mwezi, maana si yangu peke yangu."

Aliisoma mara moja. Hakusahihisha kitu. Alimwita Mkubwa akae karibu, akamsomea yote, bila kuruka mstari. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Hakumshika mkono. Alikwenda kukaa mlangoni, akampa mgongo.

Bwana Kola alizikunja noti ndani ya karatasi, akaitia barua kwenye bahasha. Alilamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Alibandika stempu. Kisha walitoka, yeye mbele na Mkubwa hatua kumi nyuma, mpaka kwenye sanduku la posta kando ya barabara. Alisimama pale akiwa ameshika bahasha. Mkubwa akamfikia, akasimama pembeni.

"Tia, Baba," alisema.

Akaitia. Waliisikia ikianguka ndani, juu ya barua za watu wengine.